Tuta la Mhina

Handeni, 14 Novemba 1908

Kwa mtani wangu Mdoe, mtoto wa shangazi yangu, mwenye kitambi kisicho na kazi,

Asalaam aleikum. Nakusalimu wewe na mkeo Mwanaidi na watoto. Shangazi mpe shikamoo yangu kwa mikono miwili, umwambie mtoto wa kaka yake bado anakula vizuri, maana najua hilo ndilo swali lake la kwanza na la mwisho.

Sisi huku wazima. Zamda anasema tangu mumewe awe karani wa akida amejifunza kukohoa kabla ya kusema, kama mtu mwenye maana, ila maana yenyewe haijafika. Jino langu la nyuma liliniuma wiki mbili. Nilimwendea fundi, akang'oa la jirani yake. Sasa nina maumivu yale yale na pengo jipya, na fundi ananisalimia kila siku kana kwamba tumeoana.

Maji ya Handeni ni ya kuchimbua mchangani kwa kata. Mtu akikupa kikombe kizima, ujue anataka kumposa binti yako. Mimi niliyekunywa Ruvu yetu ya Korogwe miaka arobaini na tatu bila kusema ahsante, leo nauota mto ule usingizini.

Sasa neno lenyewe. Mbwana, tarishi wetu anayetembea kama mtu aliyepoteza sindano, kaniambia umejenga nyumba bondeni, nyuma ya tuta la kuzuia maji, pale pale kwenye kizingo mto unapopinda. Mdoe, babu zetu walikimbia maji kila masika mpaka miguu yao ikaijua njia ya Manundu bila macho. Wewe leo umekwenda kulala mlangoni pa mto. Chura ana sababu zake. Wewe unazo?

Utasema tuta nililisimamia mimi. Kweli. Wanyapara wote walishindwa, nikapewa mimi sehemu ya mwisho, nikaimaliza siku mbili kabla ya Bwana Mkubwa wa kazi kuja kulitazama, na ndivyo nilivyopata kalamu hii na kiti hiki chenye miguu mitatu na nusu. Lakini tuta ni kitu cha kutazama, mtani. Haikuandikwa popote kwamba lazima mtu alale chini yake. Juu Manundu ardhi ipo, na upepo wa kupoza kitambi upo.

Nakutania tu. Lakini kama nguzo hazijasimama, usijenge kwenye kizingo.

Mtani wako mwenye pengo,
Mhina

*

Korogwe, 9 Disemba 1908

Kwa Mhina, karani wa watu wenye kiu,

Waaleikum salaam. Sote tu wazima. Mwanaidi anakupa pole ya jino, anasema fundi yule alikuwa na huruma: angeweza kung'oa ulimi.

Nguzo zimesimama, paa limeezekwa, na mama amekwisha kuhamia. Ameshuka kutoka Manundu na kinu chake, mkeka wake na kuku wanne, wa tano alimkataa kwa sababu ana kiburi. Nilimwonyesha barua yako. Nilimsomea habari ya chura, akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema, "Mtani akikukataza kitu, kifanye upesi." Halafu akasema, "Baba hawezi kunijengea kitu kibovu." Unajua huwezi kumtoa hapo. Wewe umebeba jina la baba yake, basi kwake wewe ndiye baba, ingawa alikuosha mavi.

Na si yeye peke yake. Hapa watu hawasemi tuta la serikali. Wanasema Tuta la Mhina. Mbuzi akipotea, "Katafute Tuta la Mhina." Wanawake wakianika mtama, ni juu ya Tuta la Mhina. Umekuwa mahali, ndugu yangu. Kuna watu wamekufa na hawakufika hapo.

Ila tuta lako nalo limeanza kuzeeka kama mwenyewe. Pale kwenye kizingo limebonyea kidogo, kama tumbo la mtu wa saumu. Na ubavuni pake, upande wetu, pameota mgomba! Mama kaujua kwa madoa ya shina, ni mkono wa tembo, kama ile ya shamba lake. Kila asubuhi anakwenda kuupalilia. Anasema wenzetu wajenga matuta, la baba linazaa.

Umefikaje pale, Mhina? Au siku hizi migomba inapandwa na ndege?

Mtani wako mwenye nyumba mpya,
Mdoe

*

Handeni, 22 Januari 1909

Mtani,

Salamu nyingi kwenu, na shikamoo kwa shangazi isiyopungua ile ya kwanza. Huku tumepata mjukuu. Binti yetu Serafina, yule aliyeolewa kwa Wakristo wa misheni tukanuna mwaka mzima, amejifungua mtoto wa kiume mwenye uso wangu. Wakwe wametupa pole.

Kwa ajili hiyo naomba shangazi aje. Aje mwezi huu au ujao, kabla ya masika, akae na kitukuu mpaka mvua zikatike. Nitatuma punda. Nitatuma watu wa kumshika mkono. Kuku waje nao, hata yule wa kiburi nitampa kiti changu ofisini, kazi ataiweza.

Mgomba ung'oeni.

Na wewe Mdoe uache kuringa na tuta. Kazi zangu nazijua mimi. Unakumbuka banda la mbuzi nililojenga nilipotaka kumwonyesha baba mkwe kwamba mimi fundi? Lilisimama vizuri mpaka mbuzi alipoingia. Mimi mwenyewe nisingelala chini ya kitu kilichojengwa na mtu yule, na mtu yule namfahamu kuliko unavyomfahamu wewe.

Shangazi aje. Mwambie nimekonda.

Mhina

*

Korogwe, 1 Machi 1909

Kwa Mhina,

Salaam, na hongera ya mjukuu. Mama amesema uso hubadilika, msikate tamaa.

Kuja hawezi. Goti limevimba, na anasema Handeni hakuna maji, ataogaje. Habari ya banda la mbuzi nilimsomea mara tatu, tukacheka na majirani wote. Walisema kwa vichekesho, karani ni wewe.

Lakini sasa nisikilize. Wale ndege wanaofuma viota kwenye matete, mwaka huu wamefuma juu kabisa. Nimesimama ndani ya mtumbwi nikanyoosha mkono, sikuvifikia. Wewe na mimi tulifundishwa maana yake tukiwa watoto: ndege akipanda, na mtu apande. Wazee wawili wamekwisha kupeleka nafaka zao Manundu. Mkuu wa stesheni anasema simu kutoka Mombo kila siku ni mvua, mvua, milimani mawingu hayaondoki. Na kwenye kizingo, asubuhi, ukuta wa tuta unatoka jasho. Udongo umelowa upande wetu, na mto bado haujapanda hata hatua mbili.

Jumbe anasema tuta linatosha. Jumbe nyumba yake iko kilimani. Nimeona heri nimuulize aliyelijenga.

Tatizo langu ni kwamba wewe ni mtani wangu. Tangu Novemba unaniambia nisijenge, nisilale, mama aje, mgomba ung'olewe, na mimi kila barua nacheka. Nimekaa nikazisoma upya zote, nikashindwa kujua panapoishia utani. Ndiyo maana humu ndani nimetia uzi. Unaukumbuka uzi wa bibi? Watani wakiwa na neno la kweli, mmoja anafunga fundo, na mpaka fundo lifunguliwe hakuna mzaha kati yao. Tulifunga siku ya kuzikwa baba yako. Hatukufunga tena.

Fundo nimefunga. Nijibu neno moja: litashika au halitashika?

Ukisema halitashika, tunahama kesho yake, mama nitambeba mgongoni huku akinipiga. Ukisema litashika, tunabaki, maana mahindi yamefika magotini na nimetia kila nilicho nacho katika nyumba hii. Kwa jumbe mama hasikii, kwangu hasikii. Kwako atasikia.

Mdoe

*

Handeni, 8 Machi 1909

Kwa ndugu yangu Mdoe,

Salaam. Sisi wazima. Barua yako nimeipata, na uzi nimeupata, uko mezani.

Tuta lina urefu wa hatua mia tatu na ishirini, na chini lina upana wa hatua tisa. Watu waliolijenga ni mia na zaidi, kwa miezi minne. Bwana Mkubwa alilipima kwa fimbo yake, akapita juu na nyumbu wake toka mwanzo hadi mwisho, akalisifu mbele ya watu wote, shangazi akiwapo. Jasho la udongo ni jambo la kawaida kwa tuta jipya.

Litashika, inshallah.

Hata hivyo si vibaya kupeleka watoto Manundu mvua zikizidi.

Shikamoo kwa shangazi.

Mhina

*

Handeni, 3 Aprili 1909

Ndugu yangu Mdoe,

Ukiipata hii, usimalize kuisoma. Mchukue shangazi mgongoni, panda Manundu, ukae chini, ndipo uendelee.

Mmefika? Haya.

Uzi ulikuwa mezani nilipoandika lile neno. Niliugeuza upande wa pili, kana kwamba fundo lina macho. Tangu siku hiyo sina usingizi wala mzaha. Zamda ameniuliza kama ni jino, nikasema ni jino. Leo mvua imenyesha Handeni kwa siku ya tano, Handeni hii hii ya kuchimbua mchanga, na nikajiuliza: kama huku ni hivi, Ruvu iko wapi?

Kwenye kizingo hakuna udongo, Mdoe. Kuna migomba.

Zilibaki siku nne Bwana Mkubwa aje, na pengo la kizingo lilikuwa la hatua thelathini. Watu walikuwa wamechoka, wengine walikuwa wametoroka. Mnyapara aliyenitangulia alichapwa viboko ishirini na vitano kwa kuchelewa hatua kumi tu, na mimi nilisimama nikimtazama nikiuhesabu mgongo wangu mwenyewe. Nikaenda kwa shangazi. Alikuwa amevuna mikungu, mashina yamebaki shambani yamesimama tu. Nikamwomba. Nilimwambia ni ya kutandika njia tupitishie mawe. Akasema, "Chukua yote, baba, hata visiki," akawaita wanawake wenzake wakaja kuibeba wenyewe wakiimba. Siku ile nilikula kwake wali na samaki. Nilirudia sahani.

Tukaipanga shimoni kama kuni, safu juu ya safu, tukafunika udongo kiasi cha mkono mmoja, tukapigapiga. Likapendeza. Pale lilipendeza kuliko penginepo pote. Mgomba unaoza mwaka mmoja, hilo anajua hata mtoto, na unapooza unaacha tundu. Ndipo palipobonyea. Ndiyo jasho. Na ule unaopaliliwa na shangazi ni kisiki chake mwenyewe kilichokataa kufa.

Nilitaka kukuambia tangu Novemba. Kila nilipoanza, kalamu iliteleza kwenye mzaha, na mzaha ulinifaa: nikisema kweli kwa kuchekesha, nimesema, na hakuna aliyesikia. Niliogopa kiboko. Hilo ungenisamehe. Lakini zaidi ya kiboko niliogopa shangazi asije akasema, "Kumbe baba alinidanganya." Kwa ajili ya sentensi moja ya mwanamke mzee nimewaacha mlale chini ya maganda.

Halitashika.

Nampa Mbwana barua hii sasa hivi, nimempa na viatu vyangu ili atembee upesi. Nitusi ukipenda. Hamieni kwanza.

Mhina

*

Korogwe, 14 Aprili 1909

Ndugu yangu Mhina,

Sijui nianzeje, basi nianze kwa mwisho. Mama amefariki. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Wewe umefiwa kama mimi, kwa hiyo pole nakupa na wewe unipe.

Jumatano ya tarehe saba, asubuhi, simu ilitoka Mombo: maji yanakuja. Mkuu wa stesheni alipiga kengele ya gari moshi, na bonde lote likaanza kupanda. Mimi na Mwanaidi tulibeba watoto na mahindi ya akiba kupeleka Manundu. Mama tulimwambia atangulie, akakataa. Akaniambia, "Nisomee ile barua ya baba, pale penye uzi." Nikasoma. Akasema, "Umeona? Kaandika fundo likiwa limefungwa. Hapo hapana mzaha."

Nilimsihi sana. Mwisho tukapatana: goti lilikuwa bovu, basi angoje juu ya tuta, maana ni juu kuliko mapaa yetu yote, mpaka nirudi kumbeba. Nilimpandisha mwenyewe. Alitandika mkeka pale kwenye mgomba wake, kuku wakiwa ndani ya tenga. Nilipogeuka nilimwona anawaambia kitu, naona alikuwa anawagombeza.

Nilirudi baada ya adhuhuri. Nilikuwa hatua sitini kutoka kwake. Mhina, mimi nilidhani tuta likivunjika litapiga kelele. Halikupiga. Liliketi chini, kama mtu aliyechoka, na mama yuko juu yake. Alinyoosha mkono, si kwangu, kwa tenga.

Tulimpata Ijumaa, mbali, kwenye matete. Nyumba haipo. Wengine wote wako salama.

Usijilaumu. Naandika hili mapema kwa sababu nakujua. Wazee wanasema maji ya mwaka huu yangebomoa hata jiwe, na hakuna aliyesema jina lako vibaya. Uliulizwa, ukajibu kwa unavyojua.

Arobaini ni tarehe 16 Mei. Njoo. Mtani ndiye anayewafungua wafiwa vinywa, na tangu Jumatano ile hakuna aliyecheka kwetu. Mama angependa. Uje na ule uzi, tulifungue fundo pamoja kaburini, kisha unitukane kitambi kama kawaida.

Barua hii naipeleka kwa mzee Lukasi wa mtumbwi, leo atajaribu kuvuka kwa mara ya kwanza. Mbwana wenu yuko ng'ambo tangu siku mbili kabla ya maji, mto ulimzuia. Tunamwona kutoka hapa, amekalia mfuko wa barua kama kuku anayeatamia, tena kavaa viatu, sijui kavitoa wapi. Lukasi atarudi na mfuko huo. Kama kuna yako ndani, nitafurahi. Nahitaji kusoma kitu chako.

Mdoe

*

Handeni, 21 Aprili 1909

Mdoe,

Imefika. Zamda analia, mimi naandika.

Mbwana amerudi. Kanieleza aliyoyaona kutoka ng'ambo, mkeka na tenga. Barua yangu ilikuwa chini yake muda wote, siku mbili nzima kabla ya maji, na mto kati yenu. Kama ningeiandika wiki moja mapema. Kama ningeiandika Novemba. Naweza kurudi nyuma hivi mpaka siku ya wali na samaki.

Nilipoisoma barua yako, jambo la kwanza nililofikiri, nakuambia ili ujue ndugu uliye naye, lilikuwa kumtuma mtu akimbie akuombe usiifungue yangu. Niliita mpaka mtu mwenyewe. Alisimama mlangoni akangoja. Nikamwambia arudi nyumbani kwake.

Uzi uko kwangu. Sijaufungua.

Mhina

*

Korogwe, 4 Mei 1909

Mhina,

Sisi wazima.

Barua yako ya tarehe tatu Aprili niliipata jioni ile ile Lukasi aliporudi. Imelowa kidogo pembeni, inasomeka yote. Niliisoma, nikakaa nayo siku tisa. Kisha nikaenda Manundu nikamsomea mama, kaburini, neno kwa neno, mpaka pale pa sahani uliyoirudia. Ilikuwa haki yake. Hakuna mwingine aliyesikia, hata Mwanaidi.

Tuta linajengwa tena, na kwenye kizingo wamenisimamisha mimi. Nimewaambia wachimbe mpaka wakute udongo mgumu, wasitie kitu chochote kilichowahi kuwa na majani. Waliniuliza, "Umejuaje?" Nikasema mama aliniambia. Bado wanaliita kwa jina lako. Nimewaacha.

Arobaini iko pale pale, tarehe kumi na sita. Mtani mwingine sina, na mahali pako hapana mtu wa kukaa. Kwa hiyo uje. Zamda aje, na Serafina alete mtoto.

Uje na uzi. Fundo usilifungue.

Mdoe